Kwa Nini Viwanda Huteua Lugha za Kifanksheni: Mfano wa Erlang

Mchagua jembe si mkulima, walinena wahenga. Hata hivyo, wapo wakulima ambao shamba lenyewe huwalazimu kuchagua. Makala haya yananuia kueleza kwa nini viwanda huteua lugha za programu za kifanksheni, ilhali wanaozifahamu ni wachache.

Lugha hizi hujengwa juu ya dhana ya fanksheni katika hisabati: ukiipa thamani ile ile, hukurejeshea jibu lile lile. Aidha, aghalabu jina likishapewa thamani halibadilishiwi. Yamkini msomaji atadhani kuwa uzuri huu wa kihisabati ndio uwavutiao wenye viwanda. Historia ya Erlang yaonyesha vingine.

Mwaka 1986, Joe Armstrong alianza kuiunda lugha hiyo katika maabara ya kampuni ya Ericsson nchini Uswidi; Robert Virding na Mike Williams walishirikiana naye. Tatizo lao lilikuwa la simu, wala si la nadharia. Mtambo wa simu huhudumia maelfu ya watu kwa wakati mmoja, na hauwezi kuzimwa ili urekebishwe. Katika lugha nyingi, sehemu mbili za programu huweza kuandika mahali pamoja katika kumbukumbu ya kompyuta. Moja ikikosea, huiharibia nyingine. Katika Erlang, kila simu huweza kupewa mchakato wake wenye kumbukumbu yake, na michakato huwasiliana kwa kutumiana ujumbe. Mmoja ukianguka, msimamizi wake huuanzisha upya, na mingine huendelea. Nyumba moja ikiungua, moto hauruki kwa jirani.

Hata hivyo, ubora pekee hautoshi. Mwaka 1998, tawi moja la Ericsson lilipiga marufuku Erlang katika bidhaa mpya. Mwaka uo huo, lugha hiyo ikatolewa kwa umma bila malipo, ikapata watumiaji wapya. WhatsApp, iliyoanzishwa mwaka 2009, iliijengea seva zake. Kufikia mwaka 2014, wahandisi 32 walihudumia watu zaidi ya milioni 450.

Ni dhahiri, basi, kwamba kiwanda huteua lugha ngeni pale ambapo gharama ya kosa hupita gharama ya kujifunza. Mwanaisimu naye ana la kuzingatia: sifa za Erlang hazikuikinga na marufuku, watumiaji ndio walioinusuru.