Menyu ikipita hairudi: je, kitochi kikumbuke zaidi?

Mama mmoja wa upande wa Kiwira alitupigia simu studio siku chache zilizopita. Baada ya "shikamoo mama" na "marahaba mwanangu" akaingia kwenye shida yake. Anauza parachichi kwa mnunuzi anayepita na gari, na malipo huja kwa simu. Mnunuzi anasema amelipa mara tatu, mama anakumbuka mara mbili. Akafungua kitochi chake atafute meseji, hakuna kitu. Inboksi ilikuwa imejaa, na mjukuu alishafuta zote ili nyingine ziingie.

"Lakini siku ile niliangalia salio kwenye menyu, nikaliona kwa macho yangu," alisema. "Kwa nini hii simu hainirudishi pale nikaone tena?"

Swali hilo ni zito kuliko linavyosikika, ndiyo maana tumeona tuliandike hapa.

Ukibonyeza nyota, namba na reli, kama *150*00# ya M-Pesa, simu yako inafungua mazungumzo ya moja kwa moja na mitambo ya mtandao. Njia hii inaitwa USSD. Haihitaji bando, na inafanya kazi kwenye simu ya bei ndogo kabisa sawa na kwenye simu janja. Kila ukurasa wa menyu unabeba herufi 182 tu. Ukichagua namba, ukurasa mpya unakuja na ule wa kwanza unafutika. Mazungumzo yakiisha, au ukichelewa kujibu, hakuna kinachobaki ndani ya simu. Ni kama kuongea na karani dirishani: akifunga dirisha, maneno yamekwisha.

Meseji ya kawaida ni kitu kingine. Yenyewe inahifadhiwa kwanza kwenye mitambo ya mtandao, halafu inatumwa kwako, na ikifika inakaa kwenye simu au kwenye laini mpaka uifute. Ndiyo maana ukimaliza kutuma au kupokea pesa unaletewa meseji yenye namba ya kumbukumbu ya muamala. Menyu ni ya kuongea, meseji ni ya kukumbuka.

Je, wenye kutengeneza simu ndogo wasingeweza kuongeza sehemu ya kurudi nyuma kusoma kurasa zilizopita? Huko kwenye kompyuta ubishi huu ni wa siku nyingi. Mafundi wa kompyuta wanatumia dirisha la maandishi matupu, wanaliita teminali: unaandika amri, majibu yanashuka mstari kwa mstari, na ya zamani yanapotelea juu. Madirisha mengi yanakuruhusu kupanda juu ukayasome tena. Lakini kuna dirisha moja dogo linaloitwa st, la kundi la suckless, ambalo kwa makusudi halina kitu hicho. Wanaolitengeneza wanasema kazi ya dirisha ni kuonyesha. Anayetaka kumbukumbu aweke programu nyingine pembeni, kama tmux. Mwaka 2020 Linus Torvalds naye aliondoa uwezo wa kupanda juu kwenye skrini ya maandishi iliyomo ndani ya Linux yenyewe. Sehemu hiyo ilikuwa na kasoro, na hapakuwa na mtu wa kuitunza.

Hoja yao ina mantiki, na kwenye simu ina nguvu zaidi. Kwenye menyu ile ndipo unapoandika namba yako ya siri. Fikiria simu inayotunza kila ukurasa, halafu umemwazima jirani apige mara moja, au umeiacha kwa anayechajisha simu pale senta. Simu inayosahau imekulinda bila wewe kujua. Na simu yenye kazi chache haisumbui sana, chaji inakaa siku kadhaa, jambo ambalo mtu wa kijiji kisicho na umeme halioni dogo.

Hata hivyo, sisi hatukubaliani nao moja kwa moja. Kumwambia fundi "weka programu nyingine pembeni" ni sawa, maana anayo njia. Mama wa Kiwira hana cha kuweka pembeni. Kwake kumbukumbu ni ile inboksi tu, na vitochi vingi vinatunza meseji chache, hasa zikihifadhiwa kwenye laini. Kwa hiyo tunaona menyu iendelee kusahau, lakini inboksi ya simu ndogo iwe kubwa, na meseji za pesa zisifutwe kwa kitufe kimoja pamoja na matangazo ya promosheni. Nani asiyejua zile promosheni zinavyojaza simu!

Wakati hilo halijafanyika, tuliangalia kitochi kimoja hapa ofisini. Kwenye mipangilio ya meseji kulikuwa na sehemu ya kuchagua meseji zikae kwenye simu badala ya laini. Kwenye simu yako inaweza kuwa mahali tofauti, au isiwepo. Njia nyingine ni ile ya mawakala wengi: daftari. Tarehe, kiasi, jina na namba ya kumbukumbu, vinaandikwa kabla meseji haijafutwa. Usiandike namba ya siri humo. Na usiiamini meseji peke yake, maana matapeli nao wanajua kuandika meseji ya malipo. Angalia salio kwanza, ndipo upakize mzigo kwenye gari.

Kufuta meseji, kwa bahati nzuri, hakufuti muamala. Mtandao unabaki na rekodi yake, na mwenye laini anaweza kuomba taarifa ya miamala kwenye duka la huduma kwa wateja, akiwa na kitambulisho.

Mama tulimwelekeza huko, akashuka Tukuyu mjini siku ya mvua kubwa. Jioni akatupigia. Malipo ya tatu yalikuwepo kweli, ila kiasi kilikuwa pungufu ya kile mnunuzi alichokuwa anadai kutuma. Alikuwa anamsubiri apite na gari, karatasi ameikunja kwenye mkoba.