Kuku wa Gihosha watoke kizimbani, lakini nani atalipa bei ya yai?

GIHOSHA, Bujumbura — Katika mitaa ya Gihosha, kaskazini-mashariki ya jiji, nafasi ya kufugia ni ua mdogo nyuma ya nyumba. Anayetaka kuuza mayai huvutwa na vizimba vya waya: kuku wengi, nafasi finyu.

Lakini kuku wa kizimbani hawezi kunyoosha mabawa wala kuparua ardhi. Umoja wa Ulaya ulimtengea kila mmoja sentimeta za mraba 550, pungufu ya karatasi ya A4, kabla ya kupiga marufuku vizimba hivyo Januari 1, 2012. Tena kila anachokula hununuliwa. Burundi, ambako dola na mafuta ya gari ni adimu, chakula kikichelewa njiani mayai hupungua na deni hubaki.

Ipo njia ya kati: banda la chini lenye maranda, vichanja vya kulalia, viota vya kutagia na ua wa kutembea mchana. Pumba, majani na ndagala wa Ziwa Tanganyika hupunguza chakula cha kununua.

Hasara yake isifichwe. Kuku wa kienyeji hutaga mayai 40 hadi 60 kwa mwaka. Wa kisasa hukaribia 300. Pengo hilo lazima lizibwe na bei. Na mdondo ukiingia, kundi zima huisha. Chanjo ya I-2, inayotengenezwa pia Tanzania na kustahimili joto kuliko nyingine, hutolewa tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu au minne.

Kwa mchuuzi, bei nzuri hudai uthibitisho. Ganda la kahawia si ushahidi: rangi hutokana na aina ya kuku, si malezi yake. Afadhali alione banda, aulize daftari la chanjo, kisha atumbukize yai majini. Bichi huzama, la zamani huelea.

Anayevuka Kobero kwenda Tanzania akumbuke kwamba cheti rahisi cha uasili, kwa mzigo usiozidi dola 2,000, huondoa ushuru wa forodha tu. Kibali cha mifugo kiko palepale. Mwaka 2017 Tanzania iliteketeza vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya kupitia Namanga bila kibali.

Kuku anaweza kutembea huru. Trei ya mayai haivuki bila karatasi.