Meseji Imeingia, Moyo Bado Unadunda: Jinsi ya Kuutambua Wasiwasi Unaohitaji Daktari

Tuseme wewe ni mama unayeuza maziwa ya ngamia mjini Garissa. Asubuhi umemtumia mwenzako wa Balambala shilingi 4,000 ili kesho apakie madumu kama kawaida. Saa nne kimya. Saa tano kimya. Unapiga, hapatikani. Unafungua meseji na kusoma nambari uliyotumia, tarakimu moja moja. Tumbo linakoroga, mikono ina jasho. Saa saba simu inalia: "Hooyo, huku mtandao ulipotea. Pesa nimepata." Unamshukuru Mungu, unacheka, unakula.

Huo ni wasiwasi wa kawaida. Ulikuja na sababu, na sababu ilipoondoka nao ukaondoka. Tena umekusaidia, maana ndio uliokufanya ukague nambari.

Sasa tuseme pesa imefika, lakini moyo bado unadunda. Saa tisa usiku unaamka kuangalia salio. Kesho yake unaogopa kutuma, unampa dereva noti mkononi, halafu unashinda ukihangaika kuhusu dereva. Wiki zinapita hivyo. Hapo shida si mtandao tena, na huduma kwa wateja hatuwezi kukutatulia. Huenda ni ugonjwa, na una tiba.

Mbona kampuni ya pesa inaongea haya?

Kwa sababu pesa inayopita kwenye simu zenu imebeba mambo mazito: karo, dawa, maji ya kununua kwa lori, msaada wa ndugu aliye ng'ambo. Inapochelewa, mwili ndio wa kwanza kujua.

Na huku kwetu sababu za hofu hazijakosekana. Kuanzia mwisho wa 2020 misimu mitano ya mvua ilikosa kufuatana, na wafugaji wengi wakabaki na kamba bila mnyama. Mwisho wa 2023 yakaja mafuriko. Mnara wa simu ukiharibiwa katika shambulizi, kama ilivyotokea mara nyingi Mandera, Wajir na Garissa, kijiji kizima hakijui ndugu zao wako vipi.

Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Hofu kama ile haibaki ilikoanzia. Siku 10 baadaye, alfajiri, mlipuko wa stima ulisikika katika bewa la Kikuyu la Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi walidhani wamevamiwa. Wengine waliruka kutoka ghorofani, wengi wakaumia, na mmoja akafariki. Hapakuwa na adui. Kengele ya mwili ililia kana kwamba yupo.

Ugonjwa wa wasiwasi uko hivyo: kengele inalia hata mwizi akiwa hayupo, na haizimiki yenyewe.

Jina lake ni lipi?

Kwa Kisomali watu husema *walwal*. Katika kambi za Dadaab, zilizoanza kufunguliwa 1991, kuna neno *buufis*, ile hamu kali ya kuhamia ng'ambo ambayo kwa wengine huwanyima usingizi na raha. Wengine husema ni jini, au imani imepungua. Sisi tunasema hivi: dua na daktari havigombani. Mtu akivunjika mguu tunamwombea, na bado tunampeleka hospitali.

Jiulize maswali mawili

Wahudumu wa afya wengi huanza na maswali haya. Katika wiki mbili zilizopita:

1. Ni mara ngapi umekuwa na wasiwasi, hofu au roho juu?
2. Ni mara ngapi umeshindwa kuzuia wasiwasi usiendelee?

Kila swali lipe alama: hakuna siku, 0, siku kadhaa, 1, zaidi ya nusu ya siku hizo, 2, karibu kila siku, 3. Ukijumlisha upate 3 au zaidi, nenda ukaongee na mhudumu wa afya. Alama hizi peke yake hazisemi kwamba wewe ni mgonjwa. Zinasema umefika wakati wa kuangaliwa.

Dalili nyingine ni kukosa usingizi, misuli kukaza, kuumwa na kichwa au tumbo bila sababu kuonekana, kukasirika ovyo, na kuanza kukwepa soko, safari au simu. Wapo wanaopatwa na hofu ya ghafla: moyo mbio, pumzi fupi, ganzi mikononi, na unaona kama unakufa. Mara nyingi hufika kilele ndani ya dakika 10 kisha hushuka. Lakini maumivu ya kifua yakiwa ndiyo mara ya kwanza, au yakienda mkononi au kwenye taya, usiseme ni wasiwasi tu. Kimbia hospitali.

Unachoweza kuanza leo

Vuta pumzi ukihesabu hadi 4, itoe polepole ukihesabu hadi 6. Fanya hivyo dakika tano. Pumzi ndefu ya kutoka huuambia mwili hatari imepita.

Punguza miraa na chai kali. Miraa huongeza mapigo ya moyo na kufukuza usingizi, hivyo anayeitumia kutuliza mawazo huamka na mawazo mengi zaidi.

Weka nyakati mbili za kuangalia salio, asubuhi na jioni. Kila unapoangalia unapata nafuu ya dakika chache, kisha hofu inarudi ikidai uangalie tena.

Tiba yenyewe

Daktari kwanza atapima kama kuna kitu kingine, kwa mfano shida ya tezi la shingo au upungufu wa damu, maana nazo hupeleka moyo mbio. Baada ya hapo kuna njia mbili, na zinaweza kwenda pamoja.

Ya kwanza ni tiba ya mazungumzo. Unakutana na mshauri mara kadhaa, unajifunza kuyapima mawazo yako, na unarudia kidogo kidogo yale unayoyakwepa. Leo unatuma shilingi 50, kesho 200, bila kuangalia salio mara kumi.

Ya pili ni dawa. Zinazotumika sana huchukua wiki kadhaa kabla ya kuleta nafuu, kwa hivyo usizitupe siku ya tano, wala usiziache ghafla bila kumwambia daktari. Dawa za usingizi za kununua kienyeji kwa kemisti si njia. Baadhi yake mwili huzizoea haraka na kuziacha huwa kazi.

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Sema wazi: "Nina wasiwasi usioisha na silali." Omba rufaa kama hawana mtaalamu. Mjini kuna Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Garissa. Dadaab, uliza katika hospitali ya kambini, kwa mfano Dagahaley ambako madaktari wa MSF wamekuwa wakitoa huduma za afya ya akili. Ukiwa mbali, piga 1199, laini ya Msalaba Mwekundu wa Kenya isiyolipishwa. Na ukianza kuwaza kujidhuru, usingoje kesho. Mwambie mtu sasa hivi.

Na matapeli je?

Tapeli anaijua kengele yako. Ndiyo maana anasema, "Laini yako inafungwa dakika hii," au, "Mtoto wako ameumia, tuma haraka." Anataka utende kabla hujafikiri. Kata simu, vuta pumzi zako, kisha mpigie mwenyewe kwa nambari unayoijua. Sisi hatutakuuliza nambari yako ya siri, hata siku moja. Na kama umeshatapeliwa, ripoti bila aibu. Hofu ilikuzidi, na hiyo si ujinga.

Pesa iliyokwama tuachie sisi tuifuatilie. Lakini meseji ikiingia na moyo ukakataa kutulia, wiki baada ya wiki, usiubebe peke yako. Mpelekee daktari.