Masizi Ndani ya Mpira

Aliyezoea kuona matairi meusi tu huenda akadhani kuwa weusi ndio rangi ya asili ya mpira, ilhali utomvu unaotoka katika gome la mti wake ni mweupe, na matairi ya mwanzo ya motokaa yalikuwa meupe au ya kijivu hafifu. Ndiyo sababu yule mtu mnene wa matairi, ambaye ni alama ya kampuni ya Michelin ya Ufaransa tangu 1898, hata leo huchorwa mweupe. Weusi uliletwa na masizi. S. C. Mote hutajwa kuwa ndiye aliyegundua mwaka 1904, katika kiwanda kimoja cha Silvertown, London, kwamba masizi yaliyochanganywa katika mpira huuongezea nguvu, na tangu hapo kitu ambacho wapishi hukikwangua sufuriani kwa karaha kimekuwa bidhaa ya thamani kubwa.

Charles Goodyear wa Marekani alikwisha kuonyesha mwaka 1839 kuwa salfa na moto huzifunga pamoja nyuzi ndefu zisizoonekana ambazo ndizo mwili wa mpira, ukaacha kunata wakati wa joto na kukakamaa wakati wa baridi. Hata hivyo mpira uliopikwa kwa salfa peke yake, ingawa huvutika sana, hulika upesi ukisuguliwa barabarani. Hapo ndipo chembe za kujazia zinapohitajika, wala si kila chembe ifaayo. Chaki iliyosagwa hupunguza gharama na kuufanya mpira mgumu kidogo, lakini haiutii nguvu. Masizi ya kiwandani huutia, na tofauti kubwa imo katika udogo. Punje za masizi ya tairi aghalabu hazizidi sehemu chache za mia za elfu moja ya milimita, hata nyuso zote za punje zilizomo katika gramu moja tu, lau zingetandazwa, zingeenea mita za mraba 80 au hata zaidi ya 100, ambapo gramu ya chaki ya kawaida haifikishi ila mita chache. Juu ya uso huo mpana nyuzi za mpira hushika barabara, na ufa unaoanza kupasua hukutana na punje kila upande, ukalazimika kupinda na kugawanyika mpaka nguvu zake zinapungua.

Wingi nao una mpaka wake. Masizi yakifika kiasi cha sehemu 50 kwa kila sehemu 100 za mpira kwa uzani, nguvu huwa karibu na kilele. Yakizidi mno, mpira hautoshi kuzifunika punje zote, nazo hugusana zenyewe kwa zenyewe, na mahali hapo pa kugusana huwa udhaifu. Tena punje zilizoungana huachana na kuungana upya kila gurudumu linapozunguka, na kazi hiyo ya bure hugeuka joto na kula mafuta ya gari. Kwa ajili hiyo Michelin ilitoa mwaka 1992 tairi lililotumia silika badala ya sehemu kubwa ya masizi. Na kwa kuwa silika hupenda maji na kuuchukia mpira, ilibidi kutiwa dawa ya kuwapatanisha, yenye ncha moja ya kushika silika na nyingine ya kushika mpira. Kwa malori na ndege, ambako mpira wa asili unatakiwa zaidi, masizi hayajaondoka.

Msomaji mwenye makatambuga anaweza kuyahakiki haya bila maabara. Mpira mtupu ni mwepesi kuliko maji, masizi yana uzito unaokaribia mara mbili ya maji, na chaki huzidi mara mbili na nusu. Kwa hiyo raba bendi nyingi huelea katika beseni, na kipande cha uso wa tairi huzama. Kandambili ya mpira mzito mno si lazima iwe bora: mara nyingi muuzaji amekuuzia chaki.