Saa ya Mkononi si Tabibu

Katika maduka ya Kariakoo, tangu Mtaa wa Kongo hata Msimbazi, zauzwa saa zidaizo kupima oksijeni iliyomo katika damu. Vijana wetu huzivaa katika mazoezi, na baadhi ya wazee huzitegemea kama tabibu. Yatupasa basi tuujue ushahidi wake.

Saa hupeleka mwanga ndani ya ngozi, kisha hupima ule unaorudi. Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida huwa na asilimia 95 hadi 100. Ikionyesha 88 nawe huna dhiki yo yote, usifadhaike. Futa jasho, kaza ukanda kidogo, upashe joto mkono ulio baridi, uuweke mezani bila kuutikisa, kisha pima tena. Piko iliyopakwa mahali hapo nayo huweza kuuzuia mwanga.

Halafu ifunge saa hiyo juu ya kitambaa kilichokunjwa. Ikitoa 98, yashuhudia isichokiona. Na muuzaji mwaminifu hatauficha udhaifu huo.

Lakini hatari iliyo kubwa zaidi ni namba nzuri. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kuwa hata vipimo vya kidoleni vya hospitali viliukosa upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara 3 kuliko kwa weupe.

Kwa hiyo, enyi wazazi na vijana, mtu wa nyumbani akihema kwa shida, au midomo yake ikibadilika rangi, msiingojee saa iwape ruhusa. Mpelekeni hospitali upesi.