Skuta ya umeme kwenda kazini Dubai: tazama kilo kabla ya kasi

Anayekaa Dubai bila ya gari anajua shida iko wapi. Metro haina neno. Shida ni zile dakika 20 za miguu kutoka stesheni mpaka mlango wa ofisi, na jua hilo la utosi, na shati ulilolipiga pasi asubuhi. Ukichukua teksi kwa masafa hayo, utalipa dirham 12 kwa uchache. Kwenda na kurudi ni 24. Kwa siku 22 za kazi ni dirham 528, nayo ni pesa ya kutosha kupelekea nyumbani.

Mtoto wa dada yangu anakaa Al Rigga na ameajiriwa upande wa Dubai Internet City. Yeye anataka skuta ya umeme, ile ya kusimama inayokunjika. Mama yake, aliyeko Muscat, hataki hata kuisikia. Wakaniachia mie niamue. Nikaazima skuta nyepesi kwa mwenzangu kazini na kuitumia wiki mbili katika njia ile ile atakayopita kijana.

Jambo la mwanzo ni uzito. Wauzaji hupenda kukusifia kasi, lakini ndani ya stesheni skuta hairuhusiwi kuendeshwa, utaibeba. Niliyoijaribu ni kilo 13. Ni sawa na kubeba mfuko wa mchele wa kilo 10 ukaongeza na kilo 3 za sukari. Ngazi moja utaiweza, lakini kama lifti ya jengo lenu imeharibika na wewe uko ghorofa ya nne, utaikumbuka makala hii. Zile za kilo 20 na zaidi zina betri kubwa, ila kwa mtu wa metro hazifai, kwani tangu Oktoba 2024 inayoruhusiwa kuingia ni inayokunjika, isiyo na kiti, isiyozidi kilo 20.

Betri nayo ina mambo yake. Kwenye boksi imeandikwa kilomita 30. Mie na kilo zangu 85, pamoja na upepo na mkoba mgongoni, nilipata 18. Haikunishughulisha, maana safari ya kijana haizidi kilomita 5 kwa siku, kwa hivyo ataichaji kila baada ya siku tatu. Ukinunua, chukua nambari ya kwenye boksi uigawe kwa mbili, halafu uulize: inanitosha?

Wapo wanaosema bora ubao wa umeme wa magurudumu manne, kwani mwingine ni kilo 7 tu. Kweli ni mwepesi, lakini hauna usukani wala breki ya mkono. Unaushika kwa rimoti na kusimama kwa mizani ya mwili. Kwa aliyezowea tangu utotoni, sawa. Kwa kijana anayekwenda kazini mara ya kwanza, hapana. Skuta nayo isiwe na breki moja tu, na tairi za upepo ni bora kuliko za mpira mgumu, zinapunguza mtikiso kwenye viungo vya njia.

Sasa sheria. Dubai, anayeendesha lazima awe na miaka 16 au zaidi. Asiye na leseni ya gari anatakiwa kuwa na kibali cha RTA, ambacho ni bure, unasoma mafunzo kwenye tovuti yao na kufanya mtihani. Usipakize mtu, vaa helmeti, na upite kwenye njia zilizotengwa tu. Al Rigga na Dubai Internet City ni katika maeneo ya mwanzo yaliyofunguliwa mwaka 2022. Kuendesha bila kibali ni faini ya dirham 200, yaani safari kama 16 za teksi zimekwenda.

Ndugu zetu walioko Uingereza wasijipime kwa Dubai. Kule skuta ya mtu binafsi hairuhusiwi barabarani wala njia ya miguu, ila zile za kukodi katika miji ya majaribio. Na London, tangu Disemba 2021, huingii nayo kwenye treni wala basi la mji hata ukiikunja, kwa khofu ya moto wa betri.

Khofu hiyo si ya bure. Usiiache ndani ya gari juani, usiichaji usiku watu wamelala, na usiiweke karibu na mlango ambao mtahitaji kutokea.

Uamuzi wangu: kijana anunue, ya kilo zisizozidi 14, yenye chaja yake ya asili, na aanze Novemba hali ya hewa ikipoa. Miezi ya joto kali arudi kwenye basi linalounga na metro.

Na kwa wale wanaotaka kumpelekea mtoto zawadi Unguja: betri inayozidi Wh 160 hairuhusiwi kwenye mizigo ya abiria, ya mkononi wala ya chini, na betri nyingi za skuta zinapita hapo. Soma nambari hiyo dukani, kabla ya kutoa pesa.