Upau wa pembeni na majina ya Kiswahili: kasoro iko kwenye orodha, si kwenye lugha



Kuna hoja inayorudi kila baada ya miezi michache, kwamba Kiswahili ni lugha tamu ya mashairi na siasa, lakini ukikaa kuandika programu ya kompyuta itakubidi majina yote uyatie kwa Kiingereza, la sivyo utapotea ndani ya faili lako mwenyewe. Leo naomba niijibu kifundi. Nitaeleza kitu kimoja tu, ule upau wa pembeni unaoorodhesha sehemu za programu ndani ya kihariri, na marekebisho tuliyoufanyia hapa ofisini. Mwenye fani yake atavumilia maelezo ya mwanzo.

Upau huu ni nini? Ni kama ukurasa wa yaliyomo katika kitabu. Unafungua faili lenye mistari elfu kadhaa, na pembeni unapata orodha ya funksheni zote zilizomo. Ukibofya jina, kihariri kinakupeleka pale pale. Kazi hii ni ya zamani. Programu ya ctags, aliyoianzisha Ken Arnold, ilikuja na Unix ya Berkeley. Baadaye Darren Hiebert akaandika Exuberant Ctags, ambayo toleo lake la mwisho lilitoka 2009, na leo inaendelezwa kwa jina la Universal Ctags. Watumiaji wa Vim wengi wanaijua kupitia plagini ya Tagbar. VS Code nayo ina orodha ya namna hiyo tangu 2018.

Sasa tatizo lenyewe. Sisi tunatunza programu ya kuchambua maneno ya Kiswahili, na waliotutangulia waliamua kwamba majina yote yatakuwa ya Kiswahili, vitenzi vikianza na ku-: kuhesabu_maneno, kuondoa_kiambishi, kufungua_faili_la_mizizi. Mwanafunzi mmoja aliyejiunga nasi alikaa wiki mbili, kisha akaja na pendekezo la kubadilisha kila jina liwe la Kiingereza. Sababu yake haikuwa ya kudharau lugha. Alisema, "Mwalimu, pembeni naona ku, ku, ku tu, kama njiwa." Na kweli, ukitazama skrini yake ungemwonea huruma. Lakini kabla ya kung'oa kazi ya watu ya miaka mingi, nikamwomba tuchunguze kwanza nani hasa mkosaji.

Mkosaji wa kwanza ni alfabeti. Plagini yetu ilipanga majina kwa herufi ya mwanzo. Tagbar nayo hufanya hivyo usipoibadilisha. Katika lugha yenye viambishi awali, herufi ya mwanzo haikuelezi kitu, kwa sababu uzito wa neno uko kwenye mzizi. Hili halikugunduliwa na watu wa kompyuta. Hapa hapa Braamfontein, katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Clement Doke na Benedict Vilakazi walikabiliana nalo walipotunga kamusi yao kubwa ya Kizulu na Kiingereza, iliyochapishwa na chuo hicho 1948, mwaka mmoja baada ya Vilakazi kufariki. Wangepanga nomino kwa kiambishi, kurasa chungu nzima zingejaa um- na isi-. Wakapanga kwa mashina, hivyo umuntu unautafuta penye -ntu. Wanakamusi wa Kiswahili walichukua njia ya kati: mtu yuko penye M, lakini kusoma huikuti penye K, uende penye S. Maana yake ni kwamba kila kamusi ya Kiswahili uliyowahi kuishika ilishaondoa ku- kabla ya kupanga. Upau wa pembeni peke yake ndio haukupata habari.

Na tusidhani Kiingereza kimesalimika. Fungua faili lolote la Java lililoandikwa kwa mtindo wa kawaida uone msururu wa majina yanayoanza na get na set. Ni ugonjwa ule ule, ila wao wameuzoea.

Basi tulifanya nini? Kwanza, tuliondoa mpango wa alfabeti na kuacha majina yafuate mpangilio wa faili lenyewe. Mwandishi wa programu huweka kwanza kinachofungua faili, kisha kinachosoma, kisha kinachochambua. Mfuatano huo ni maelezo, na ukiupanga upya kwa alfabeti unayafuta. Anayetaka alfabeti anaweza kuiwasha, lakini hesabu yake inaruka ku- kwanza, kama kamusi.

Pili, ukataji wa majina marefu. Hapa ndipo palipotuumiza zaidi. Upau ni mwembamba, tuseme herufi 18, na plagini hukata mwisho wa jina. Chukua majina haya matatu: kufungua_faili_la_maneno, kufungua_faili_la_mizizi, kufungua_faili_la_viambishi. Hesabu herufi 18 za kwanza uone unachobaki nacho: kufungua_faili_la_ mara tatu! Mtu yeyote angechanganyikiwa. Tukabadilisha ili ukataji uwe katikati, na mwisho wa jina usiguswe:

kufungua…la_maneno
kufungua…la_mizizi
kufungua…viambishi

Upana ni ule ule wa herufi 18, na sasa kila moja inajulikana. Kiswahili hubeba mengi mwishoni. Kufunga na kufungua zinaachana kwenye herufi ya saba, na ukikata kabla ya hapo umelinganisha kitendo na kinyume chake.

Tatu, kuchuja. Plagini ilikuwa ikikuonyesha majina yanayoanza na herufi ulizoandika. Sasa inatafuta popote ndani ya jina. Ukiandika hesab unapata kuhesabu_maneno, mahesabu_ya_mwisho na hesabu_tupu kwa pamoja. Ina mipaka yake. Ukiandika pik hutampata mpishi, na ukiandika lind hutampata mlinzi, kwa sababu konsonanti imebadilika. Tulijadiliana kama tuifundishe kanuni hizo, tukaona hapana. Anayemtaka mpishi aandike mpish. Upau si mtaalamu wa isimu.

Nne, kujua uko wapi. Kielekezi kikiwa ndani ya funksheni fulani, jina lake pembeni linapaswa kung'aa. Zamani hili lilikuwa la kubahatisha, kwa kuwa orodha nyingi zilijua mstari wa mwanzo tu wa funksheni. Mwaka 2016 Microsoft ilitangaza itifaki ya seva za lugha, ambayo kihariri huitumia kumuuliza mtaalamu wa lugha husika ya programu: humu ndani mna nini? Siku hizi jibu linaweza kuja kama mti, na kwa kila jina kuna mipaka miwili, mmoja wa mwili mzima wa funksheni na mmoja wa jina peke yake. Wa kwanza unakwambia kielekezi kimo humo au hakimo, wa pili unakwambia ukibofya uruke hadi wapi. Palipo na funksheni ndani ya funksheni, chagua ile ya ndani kabisa. Na tafadhali, msomaji akiwa anaiperuzi orodha kwa mkono wake, upau usimvute kumrudisha alikotoka. Hakuna kinachoudhi kama hicho.

Tano, kufanya upya orodha. Ukiijenga upya kwa kila herufi inayoandikwa, unakula betri bure. Kwa watu wa Johannesburg hilo si la nadharia. Katika mgao wa umeme wa 2022 na 2023 betri ya laputopu ndiyo iliyokuwa siku ya kazi yenyewe. Plagini yetu sasa inangoja mwandishi apumzike kidogo, kama theluthi moja ya sekunde, ndipo inauliza upya. Na programu ikiwa haijakamilika, mathalani mabano yamefunguliwa na hayajafungwa, orodha ya zamani inabaki badala ya kufutika yote. Palipokosekana seva tunatumia Tree-sitter, kazi iliyoanzishwa na Max Brunsfeld, ambayo husoma upya sehemu iliyobadilika tu na hustahimili msimbo wenye makosa. Nayo isipokuwapo, tunarudi kwa mzee ctags.

Sita ni dogo lakini muhimu. Matawi uliyoyafunga yabaki yamefungwa orodha ikifanywa upya. Dawa yake ni kulikumbuka kila tawi kwa njia ya majina yake, mzazi kisha mtoto, wala si kwa namba ya mstari, maana ukiongeza mstari mmoja juu, namba zote za chini zinahama.

Liko moja ambalo upau hauna dawa nalo: ng'. Lugha nyingi za programu hazikubali ile alama ya juu ndani ya jina, kwa hiyo kung'oa_kiambishi inaandikwa kungoa_kiambishi. Msomaji wetu anaelewa kwa muktadha. Nalitaja ili asije mtu akasema nimeficha.

Sasa turudi kwenye hoja. Hatukubadilisha jina hata moja la funksheni. Tulibadilisha orodha tu, na yule mwanafunzi akaliondoa pendekezo lake mwenyewe, bila hotuba ya uzalendo kutoka kwa mtu yeyote. Naona hapa pana jambo la kutufikirisha sisi tunaoishi mbali na nyumbani. Mara nyingi chombo kilichotengenezwa kwa kuizingatia lugha nyingine kikitukwama mkononi, haraka tunasema lugha yetu haifai. Tunaanza kujirekebisha sisi, jina baada ya jina, mpaka siku moja faili zima halina Kiswahili na hakuna anayekumbuka kwamba sababu ilikuwa upau wa herufi 18. Mahali ambapo Vilakazi alikaa akaipanga lugha yake kwa mashina yake, mimi ningeona haya kuifuta yangu kwa ajili ya upau.

Kwa hiyo mwenye mradi wa namna hii, kabla ya kubadilisha majina, ajaribu mambo matatu ya kwanza: mpangilio wa faili, kukata katikati, kuchuja popote. Ni kazi ya alasiri mbili tatu kwa mtu anayeijua plagini yake. Akishindwa bado, aje hapa tubishane.

Naomba kuwasilisha.